Mtungi wa Nusu Bei Utakuvusha Masika?

Mtwara hakuna anayewasha moto ili chumba kipate joto. Hata Julai, kusi inapovuma na usiku kuwa na ubaridi, shuka ya pili inatosha. Lakini kila nyumba, kuanzia Shangani mjini hadi Msimbati na Kitaya, huwasha moto walau mara mbili kwa siku ili watu wale, na moto huo una gharama yake kama unga ulivyo na yake. Kwa hiyo mjadala wa nchi za baridi, kuhusu serikali kuwachangia wananchi gharama za kupasha nyumba joto, unatugusa kuliko unavyoonekana kwa mbali. Msimu wao mgumu ni Desemba hadi Februari. Wetu huangukia karibu miezi hiyohiyo kwa sababu nyingine: mvua zimeshika, kuni zimelowa, fedha za korosho zilizolipwa baada ya minada ya mwishoni mwa mwaka zimekwenda kwenye ada, madeni na bati, na mpunga wa bonde la Ruvuma bado uko shambani. Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: msaada wa serikali kwenye nishati huleta nafuu nyumbani pale unapopunguza gharama ya moto wa kila siku katika miezi ambayo mkono umekauka. Ukitolewa mara moja kisha kaya ikaachwa ijitegemee, nafuu yake huisha pamoja na gesi ya kwanza. Na kwa kuwa ruzuku nyingi hazikupangwa kwa kufuata kalenda ya mkulima wa korosho wala ya mvuvi, kazi ya kuzipanga imebaki kwa kaya yenyewe.

Wengi hudhani faida ya nishati bora inaishia kwenye moshi unaopungua. Ushahidi unaonyesha kwamba pa kuangalia kwanza ni sahani. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walilinganisha matumizi ya kaya maskini na ya kaya zenye uwezo katika vipindi vya baridi kali isiyo ya kawaida. Kaya zote zilitumia fedha nyingi zaidi kwa nishati. Zenye uwezo ziliongeza hata matumizi ya chakula, ilhali maskini walipunguza chakula kwa kiasi kilichokaribia kabisa kile kilichoongezeka kwenye nishati, na wakubwa kwa watoto wakala pungufu. Miaka mitatu baadaye, utafiti mwingine wa huko, uliohusu watoto wa chini ya miaka 3, ulikuta kwamba wale ambao familia zao zilipata msaada wa serikali wa gharama za nishati walikuwa na hatari ndogo ya matatizo ya ukuaji kuliko watoto wa familia zinazofanana nazo zisizopata msaada huo. Jiko na sahani vinachota mfuko mmoja. Kwetu jambo hili huonekana kwenye mbaazi na kunde, ambazo kwa kaya nyingi za kusini ndizo nyama ya kila siku. Zinataka moto mrefu. Mkaa ukipanda bei au kuni zikikataa kuwaka, mama wa nyumba haandiki popote kwamba amepunguza protini. Anaacha tu kuteleka mbaazi, anasonga ugali wa muhogo na kitoweo cha haraka, na tumbo linajaa. Ruzuku inayoirudisha mbaazi jikoni mara tatu kwa wiki imefanya kazi kubwa kuliko inavyosemwa kwenye hotuba za uzinduzi.

Serikali yetu haijakaa kimya. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukasimamia uuzaji wa mitungi ya kilo 6 kwa nusu ya bei, kila wilaya ikitengewa mitungi 3,255. Upande wa umeme, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, na kaya iliyo kwenye kundi la D1, ile ambayo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Tena Juni 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani, serikali ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuishusha. Huu wa mwisho ndio msaada dhaifu kwa maskini: ulizuia nauli zisipande zaidi, kweli, lakini aliyejaza tangi la lita 60 alipata punguzo kubwa mara nyingi kuliko aliyenunua mafuta ya taa kwa kopo. Mitungi ya nusu bei inawafikia wa chini zaidi, ila hesabu yake ni nyembamba. Mkoa wenye wilaya tano kama Mtwara, kwa mitungi 3,255 kila wilaya, unapata 16,275. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,634,947 mkoani. Ni karibu mtungi mmoja kwa kila watu mia. Kwa maoni yangu, ruzuku iliyo bora kuliko zote hizo ni ile ya uniti 75, kwa sababu inarudi kila mwezi bila foleni wala mgeni rasmi. Cha ajabu, wengi hawaioni kama ruzuku ya kupikia.

India imetuonyesha mapema mtungi unafika wapi ukiachwa peke yake. Mei 2016 serikali ya nchi hiyo ilianza kuwapa wanawake wa kaya maskini uunganisho wa gesi ya kupikia, na kufikia Septemba 2019 ilikuwa imezifikia kaya milioni 80. Idadi hiyo inashangaza. Lakini mwaka huohuo wakaguzi wa serikali walikuta kwamba wastani wa kujaza kwa wanufaika ulikuwa mara 3 na kidogo kwa mwaka, kwa mitungi ya kilo 14.2. Familia haiwezi kupikia gesi mwaka mzima kwa kujaza mara tatu. Mtungi ulikuwa pembeni, mafiga yakiendelea kuwaka. Kuanzia Mei 2022 serikali iliongeza rupia 200 kwa kila kujaza, mwisho mara 12 kwa mwaka, na Oktoba 2023 ikazifanya rupia 300. Matumizi yakaanza kupanda, japo polepole. Nchi iliyogawa mitungi mingi namna ile ililazimika kurudi kulipia kilichomo ndani yake. Sioni kwa nini sisi tusubiri miaka sita kujifunza jambo ambalo wenzetu wameshalilipia.

Hapa ndipo mtu wa Mtwara huuliza swali la haki: gesi si imetoka kwetu? Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inasafishwa Madimba, na tangu Oktoba 2015 bomba kubwa linaipeleka Dar es Salaam. Machungu ya 2013, wananchi walipoandamana kulipinga bomba hilo, hayajasahaulika. Ila gesi ile na ya kwenye mtungi ni vitu viwili. Ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, ambayo haigeuki kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo unaowezekana kwenye mtungi wa dukani. Inataka bomba hadi jikoni, au matangi mazito ya mgandamizo mkubwa. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha inasafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 500 kabla ya kufika kwa wakala wa Mtwara, na kijijini inaongezewa nauli ya pikipiki. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limeunganisha baadhi ya nyumba za Mtwara mjini na bomba. Anayefikiwa asisite, na wanaoishi jirani na njia ya bomba wana haki ya kudai zamu yao. Kwa vijiji vya delta ya Ruvuma, ambako nyumba zimetawanyika katikati ya mashamba na mikoko, naona ahadi ya bomba ni ya kusubiri muda mrefu mno, na chakula cha jioni hakisubiri.

Basi, kabla ya kupanga foleni ya mtungi wa nusu bei, fanya hesabu ya mwaka mzima. Kaya ya watu watano ikipikia gesi pekee humaliza kilo 6 kwa takribani wiki tatu, yaani kujaza mara 17 kwa mwaka. Tuchukulie kujaza ni shilingi 25,000 (weka bei ya kijijini kwako). Hiyo ni shilingi 425,000, wakati punguzo ulilopewa kwenye mtungi halizidi sana gharama ya kujaza mara moja. Kama huna fedha hiyo, na wengi hawana, usiukatae mtungi, upangie kazi. Gesi ipewe vyakula vya haraka: chai ya alfajiri, uji wa mtoto, kupasha kiporo, samaki wa kukaanga mvua ikinyesha. Vya moto mrefu vipelekwe kwingine. Kwa mpango huo mtungi uliokuwa wa wiki tatu unaweza kuvuka miezi miwili, na kwa asubuhi za masika umekusaidia pale hasa ambapo kuwasha kuni mbichi ni mateso na mtoto anaondoka kwenda shule bila kitu tumboni. Unaponunua, dai upimwe kwenye mizani. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, inawataka wauzaji wawe nayo, na uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Jaribu maungio kwa povu la sabuni, usitumie kiberiti, na mtungi usilale chumba kimoja na watoto.

Mbaazi na kunde zina suluhisho mbili. Ya kwanza haina gharama: kuloweka usiku kucha na kufunika sufuria wakati wa kupika. Ya pili ni jungu la umeme la mgandamizo. Lenye wati 1,000, hata lingewaka saa nzima bila kukata, haliwezi kuzidi uniti moja, na kwa kawaida hujikata lenyewe kabla ya hapo; kwa mteja wa D1 hiyo ni shilingi 100 na tozo zake. Sijui mkaa wa bei hiyo unaoivisha mbaazi. Bei ya kununua jungu lenyewe ndiyo kikwazo, kwa hiyo wanawake wa kikoba wanaweza kununuliana kwa zamu, kama wanavyonunuliana vyombo. Ila tahadhari: jiko la umeme la koili lenye wati 2,000, likiwaka saa mbili kila siku, linakula uniti 120 kwa mwezi. Hapo umevuka 75, unahamishwa kundi, na kila uniti inakuwa ghali karibu mara tatu. Anayepikia umeme na aangalie mita ya LUKU kila wiki, ahesabu na friji na pasi. Umeme nao hukatika, kwa hiyo mafiga yasibomolewe.

Na kwa kuwa yatabaki, yatunzwe. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe kabla ya kupasha sufuria, na moshi mwingi hutoka hapo. Matawi ya mikorosho yanayokatwa wakati wa kupogolea, pamoja na makumbi na vifuu vya nazi, yakikatwa mapema na kupangwa chini ya upenu kabla ya Novemba, yatawaka Machi kama yalivyowaka Agosti. Kibanda kidogo cha makuti juu ya kuni ni msaada wa nishati ambao hakuna halmashauri itakayouzindua, lakini hurudi kila mwaka. New Zealand walifika mahali hapohapo kwa njia yao: utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba kuziba nyumba za zamani zisipitishe baridi kuliboresha afya na kupunguza siku ambazo watoto walikosa shule. Kurekebisha nyumba mara moja kulifanya kila shilingi ya nishati baadaye ifanye kazi zaidi. Kuni kavu pia huondoa kisingizio cha kuingia mikokoni. Eneo lote la Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000, na msinzi unaokatwa kwa kukaushia samaki leo ndio mazalia ya kamba na samaki wa kesho. Wakausha samaki wanahitaji mpango wao mahsusi, kwa sababu mtungi wa kilo 6 hauwezi kuwasaidia.

Jambo gumu kuliko yote ni kuzifikisha fedha za Novemba hadi Machi. Hapa kuna utafiti mmoja wa Uingereza ninaoupenda. Tangu 1997 serikali ya huko huwalipa wazee fedha za majira ya baridi, kati ya pauni 200 na 300 kwa wengi wao. Ni fedha taslimu, mtu anaweza kununulia chochote. Watafiti walikadiria kwamba kama zingetumika kama kipato kingine chochote, asilimia 3 tu ingekwenda kwenye nishati. Walikuta ni asilimia 47, na sababu waliyoitaja ni jina la fedha hizo. Kaya ya Mtwara inaweza kujipa ruzuku kwa namna hiyo: siku malipo ya korosho kupitia chama cha ushirika, AMCOS, yanapoingia, tenga kiasi, kipe jina la moto wa masika, kiweke kwenye kikoba au akaunti ambayo haitafunguliwa kabla ya Januari. Mwenye uwezo anunue mtungi wa pili, wa kilo 15, aujaze Novemba na kuufunga. Gesi haiozi, na mtungi uliojaa hauwezi kukopwa na shemeji kama pesa ya mfukoni.

Atakuwapo atakayesema kwamba maskini wakipewa fedha za nishati watazinywa. Ni shutuma ya siku nyingi, na ushahidi haupo upande wake. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi, yaliyochapishwa na watafiti wa Benki ya Dunia mwaka 2014, hayakukuta kwamba fedha za msaada huongeza ulevi au tumbaku. Majaribio ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, yaliyoanza 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalionyesha kaya zikinunua kuku, kujiunga na bima ya afya na kuwavisha watoto viatu. Pingamizi zito zaidi ni la kitabibu. Serikali hutaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa majumbani, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Lakini jaribio kubwa lililofanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru, ambapo kaya zilipewa majiko na gesi bure kwa miezi 18, halikuonyesha kupungua kwa homa ya mapafu kwa watoto wachanga wala kuongezeka kwa uzito wa kuzaliwa, ingawa moshi waliouvuta ulipungua sana. Matokeo hayo, yaliyochapishwa kati ya 2022 na 2024, yasifichwe. Mimi nayasoma hivi: msaada wa nishati usiuzwe kwa wananchi kama dawa ya kifua. Uthaminiwe kwa yale ambayo kaya inayaona yenyewe: chakula kilichoiva, saa zilizookolewa porini, macho yasiyochuruzika machozi na fedha iliyobaki. Na mtoto anayepumua kwa shida apelekwe zahanati hata kama nyumbani wanapikia gesi.

Wengine wataniambia kwamba ruzuku huzoeza watu utegemezi na siku moja huondolewa. Sehemu ya pili ni kweli. Kenya iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia 2016, ikairudisha Julai 2021, ikaipunguza 2022, ikaiondoa tena 2023. Uingereza yenyewe iliwafutia wazee wengi malipo yao 2024, kisha mwaka uliofuata ikarudi nyuma kwa kelele za wananchi. Ndiyo maana sishauri kaya ijenge mpango wake wote juu ya punguzo moja. Kikundi cha wanawake au vijana kijijini kinaweza kwenda mbali zaidi: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilirejeshwa 2024, na uwakala wa gesi ni biashara inayoweza kuombewa. Nauli ya pikipiki ikiondoka kwenye bei, hiyo ni nafuu ambayo haitegemei bajeti ya Dodoma.

Bado serikali ina deni la kupanga vizuri. Inajua kufikisha pembejeo za korosho kwa msimu wake, na TASAF ina orodha ya kaya maskini na njia ya kuzilipa kwa simu. Kuunganisha mambo hayo mawili kunatosha: fedha za ruzuku inayofuata zihamishwe kutoka kwenye mtungi kwenda kwenye kujaza, kwa kaya zilizomo kwenye orodha, kuanzia Januari hadi Aprili. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na maombi yanayoandikwa kwenye muhtasari wake ndiyo hupanda hadi kwenye kata na halmashauri. Mpeni mtendaji wenu ombi hilo kwenye mkutano wa mwisho kabla ya mvua, na mhakikishe limeandikwa.